Kufuta, tupio, kumbukumbu au kubatilisha: njia ipi kwa rekodi ipi kwenye mfumo wa kusimamia ujenzi

Kitufe chenye picha ya pipa la taka hakifanyi kazi ileile kwenye kila ukurasa wa mfumo wa kusimamia ujenzi. Kwenye picha za saiti kinaweza kupeleka faili kwenye tupio, ikakaa huko kwa muda. Kwenye misimbo ya gharama (namba za kupangia matumizi) kinaweza kufuta papo hapo. Kwenye hati za malipo huenda kisionekane kabisa pindi hati inapoidhinishwa. Aliyekizoea kwenye ukurasa mmoja huingia ukurasa mwingine na mazoea yaleyale, na hapo ndipo rekodi za maana hupotea.

Kwa kawaida kuna njia sita za kuondoa rekodi mbele ya macho, ingawa majina ya vitufe hutofautiana kati ya mfumo na mfumo. Wengi huanza kwa kuangalia rekodi ni ya aina gani. Sisi tunaona swali la kwanza liwe rekodi imeshafika wapi. Je, kuna mtu nje ya timu yako ameshaisoma, ameijibu, ametekeleza kazi kwa kuifuata au ameilipia? Kama hakuna, una uhuru mpana. Kama yupo, usifute, batilisha. Mengine yote hapa chini yanatokana na swali hilo, isipokuwa mahali pawili tutakapopataja.

| Njia | Rekodi inabaki? | Inahesabiwa kwenye jumla? | Inarudi? | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|---|
| Kufuta papo hapo | Hapana | Hapana | Kwa nakala rudufu tu | Rasimu, rekodi za majaribio, data binafsi isiyotakiwa |
| Tupio | Kwa muda | Hapana | Ndiyo, kabla muda haujaisha | Makosa ya ndani yaliyogunduliwa mapema |
| Kubatilisha | Ndiyo, ikiwa na alama | Hapana | Mara nyingi hapana, unaandaa mpya | Chochote kilichotumwa, kilichosainiwa au kilichoidhinishwa |
| Kuweka kwenye kumbukumbu | Ndiyo, imefichwa | Kwa kawaida ndiyo | Ndiyo | Miradi na nyaraka zilizokamilika |
| Kusitisha | Ndiyo, haichaguliki tena | Ndiyo | Ndiyo | Watumiaji, kampuni, misimbo ya gharama |
| Kuunganisha | Mbili zinakuwa moja | Ndiyo | Hapana | Kampuni au watu walioandikwa mara mbili |

Safuwima ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kuweka kwenye kumbukumbu agizo la mabadiliko (hati ya kubadilisha kazi ya mkataba) lililoongeza fedha hakupunguzi thamani ya mkataba. Kulibatilisha kunaipunguza. Anayetaka tu orodha iwe fupi akabatilisha, au anayetaka kuondoa kiasi kwenye hesabu akaweka kwenye kumbukumbu, wote wawili watapata ripoti ya gharama isiyo sahihi, na mfumo hautawaonya.

## Kufuta papo hapo dhidi ya tupio

Rekodi inapoingia kwenye tupio, mara nyingi haijaondoka kwenye hifadhidata. Mfumo umeiandikia tarehe ya kufutwa, na orodha zote zimeamriwa zisionyeshe chochote chenye tarehe hiyo. Kuirejesha ni kuiondolea tarehe hiyo tu. Kufuta papo hapo huondoa safu yenyewe, na hapo hifadhidata inalazimika kujibu swali jingine: vipi kuhusu rekodi zinazoitegemea hii?

Majibu ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kukataa, na skrini itakuambia rekodi inatumika mahali pengine. La pili ni kufuta na tegemezi zake zote. La tatu ni kuziacha tegemezi lakini nafasi iliyokuwa ikiielekeza rekodi ile ibaki tupu. Wanaofanya kazi na SQL, lugha ya hifadhidata, wanayajua kwa majina RESTRICT, CASCADE na SET NULL. Wewe uliyeko kwenye skrini huonyeshwi ni lipi limechaguliwa, mpaka ujaribu.

Chukua eneo lililoandikwa “Ghorofa ya 3, Mrengo B”, lenye kasoro 140 zilizopigwa picha na kugawiwa wakandarasi wadogo. Mfumo wa jibu la kwanza utakukatalia kulifuta. Wa jibu la pili utaondoka na kasoro zote 140, picha na maoni yake. Wa jibu la tatu utaziacha kasoro zikiwa hazina eneo, na atakayechuja kwa ghorofa siku ya makabidhiano ataona Ghorofa ya 3 haina kasoro hata moja. Tunalihofia hili la tatu kuliko la pili. Kasoro 140 zikitoweka kwa mpigo, mtu atashtuka siku hiyohiyo. Ghorofa inayoonekana safi kwenye ripoti haimshtui mtu.

Kwa hiyo, kwa rekodi zote zinazobeba nyingine (maeneo, misimbo ya gharama, aina za ukaguzi, vifurushi vya kazi, violezo), fungua kwanza kichupo cha rekodi zinazohusiana. Kama kosa ni jina, badilisha jina. Kama eneo halihitajiki tena, hamishia tegemezi zake kwenye eneo sahihi, hakikisha hesabu yake imefika sifuri, ndipo ulifute.

Tupio ni salama kuliko kufuta papo hapo, lakini lina mipaka inayopaswa kujulikana kabla ya siku ya kulihitaji.

Muda ndio mpaka wa kwanza. Kila mfumo una wake, na mara nyingi viambatisho viko kwenye hifadhi nyingine yenye muda tofauti. Faili zilizofutwa kwenye SharePoint hukaa siku 93 kwa jumla, na kuingia tupio la ngazi ya pili hakuanzishi hesabu upya. Kwenye Google Drive ni siku 30. Rekodi ya mkaguzi inaweza kurejeshwa siku ya 40 ikiwa kamili, huku picha zilizounganishwa nayo zikiwa zimekwisha kufutika. Andika muda mfupi zaidi kati ya hizo mbili, ndio muda wako halisi.

Mpaka mwingine ni kwamba si kila kitu hupita kwenye tupio. Maoni, mstari mmoja ndani ya jedwali la vipimo na bei, kiambatisho kilichoondolewa kwenye ukurasa wa kuhariri kisha ukabofya Hifadhi: hivi kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni mabadiliko ya rekodi, na tupio halivipokei. Ukitaka kubadilisha kiambatisho, pakia kipya kwanza, kifungue ujiridhishe, ndipo uondoe cha zamani.

Tena, kurejesha hakurudishi kila kitu. Viungo vya kwenda rekodi nyingine vinaweza kuwa vimekatika. Rekodi iliyokuwa hatua ya tatu ya uidhinishaji inaweza kurudi ikiwa rasimu. Tarehe ya mwisho ya kujibu inabaki ileile ya zamani, hivyo mfumo utaanza kutuma barua za ucheleweshaji dakika hiyohiyo. Baada ya kurejesha, kagua hali, mhusika, tarehe na viungo, moja baada ya nyingine.

## Namba za mfululizo

Hapa kufuta na kubatilisha vinaachana kabisa. Mifumo hutoa namba kwa njia mbili. Kuna inayotunza kihesabio kisichorudi nyuma, ambapo ukifuta RFI-014 (RFI ni ombi la ufafanuzi), inayofuata ni RFI-015 na pengo linabaki. Kuna inayotazama namba kubwa iliyopo na kuongeza moja. Kwenye mfumo wa namna hii ya pili, ukifuta ombi la ufafanuzi la mwisho, lijalo litachukua namba ileile. Mhandisi mshauri atakuwa na barua pepe ya RFI-014 inayouliza kuhusu nondo za nguzo, na nyingine ya RFI-014 inayouliza kuhusu mteremko wa paa. Jibu la moja likiwekwa kwenye nyingine, saiti inaweza kutekeleza maelekezo yasiyo yake.

Pengo nalo si jambo dogo. Likitokea bishano, upande wa pili utauliza RFI-014 ilisema nini na kwa nini haipo. Rekodi iliyobatilishwa inajibu swali hilo yenyewe: namba ipo, yaliyoandikwa yapo, sababu ipo, jina la aliyebatilisha na tarehe vipo.

Kujua mfumo wako unatumia njia ipi ni kazi ya dakika mbili kwenye mradi wa majaribio. Tengeneza rekodi tatu, futa ya tatu, tengeneza nyingine, soma namba.

## Kubatilisha: panapoingia fedha na saini

Agizo la mabadiliko lililoidhinishwa, hati ya malipo, mkataba wa mkandarasi mdogo, oda ya ununuzi, mawasilisho ya vifaa yaliyokwisha kupigwa muhuri na mbunifu majengo: yote haya yakikosewa hubatilishwa. Hata kama mfumo unakuruhusu kufuta.

Hesabu ya hati za malipo inaonyesha sababu vizuri zaidi. Hati nyingi hutumia jumla limbikizi: kazi yote iliyotathminiwa hadi sasa, toa kiasi kinachozuiwa kama dhamana, toa kilichokwisha kuidhinishwa kwenye hati iliyotangulia. Tuseme kiasi kinachozuiwa ni asilimia 10. Hati ya 3 ilikuwa na kazi ya 150,000,000, halisi (baada ya kuzuia) 135,000,000. Hati ya 4 ina kazi ya 200,000,000, halisi 180,000,000. Hati ya 5 ina kazi ya 260,000,000, halisi 234,000,000. Malipo yanayodaiwa kwa Hati ya 5 ni 234,000,000 kutoa 180,000,000, yaani 54,000,000.

Sasa mtu anafuta Hati ya 4 kwa sababu kiambatisho chake kilikuwa na ukurasa uliokosewa, akikusudia kuipakia upya. Mfumo unatafuta hati iliyotangulia ya 5 na kuikuta ya 3. Malipo yanayodaiwa yanageuka 234,000,000 kutoa 135,000,000, yaani 99,000,000. Tofauti ya 45,000,000 imezaliwa bila mtu kugusa tarakimu yoyote, na fedha za Hati ya 4 zilishalipwa. Mkadiriaji majenzi makini atalinasa. Aliye na hati kumi za kusaini kabla ya mwisho wa mwezi huenda asilione.

Kubatilisha peke yake hakuponyi hesabu hii, kwa kuwa hati iliyobatilishwa nayo haihesabiwi. Kinacholinda ni utaratibu wake. Mfumo mzuri hukataa kubatilisha hati ya katikati hadi zile za baada yake zirudishwe nyuma, au hukulazimu utoe hati mbadala kabla. Kwa hiyo fuata mpangilio huu hata kama mfumo haukulazimishi:

1. Anza na hati ya mwisho kabisa na urudi nyuma. Kama 5 bado haijaidhinishwa, irudishe kuwa rasimu isiyowasilishwa kwanza.
2. Batilisha 4, ukiandika sababu kamili na namba ya hati itakayoichukulia nafasi. Neno “kosa” peke yake si sababu.
3. Toa hati mbadala, na kwenye maelezo yake utaje inabadilisha ipi.
4. Fungua 5 na uangalie kwa macho sehemu ya “kilichoidhinishwa awali”. Lazima isome kiasi halisi cha hati mbadala, yaani 180,000,000 kama tarakimu hazikubadilika.

Kama kosa ni ukurasa mmoja wa kiambatisho na tarakimu zote ni sahihi, usibatilishe wala usifute. Ongeza kiambatisho sahihi chenye jina linaloonyesha toleo, na uache la zamani mahali pake.

Maagizo ya mabadiliko yana hatari ya namna hiyo pia. Mkataba wa 480,000,000 wenye maagizo matatu yaliyoidhinishwa, nyongeza ya 12,500,000, punguzo la 3,000,000 na nyongeza ya 8,000,000, una thamani ya sasa 497,500,000. Agizo la kwanza likifutwa, thamani inashuka hadi 485,000,000. Kama kazi ya agizo hilo ilishaingizwa kwenye hati za malipo, ripoti inaweza kuonyesha mkandarasi amelipwa zaidi ya mkataba wake. Agizo ambalo mshitiri (mwenye mradi) ameliondoa baada ya kuidhinishwa linapaswa kufutiwa athari yake kwa agizo jipya la kiasi hasi, lenye saini yake. Kubatilisha ni kwa agizo lililotolewa kimakosa na halijatekelezwa.

## Mfumo ukiwa umeunganishwa na uhasibu

Kufuta upande mmoja mara nyingi hakuvuki kwenda upande wa pili. Oda ya ununuzi iliyofutwa kwenye mfumo wa ujenzi inabaki ikidaiwa kwenye uhasibu. Kibaya zaidi, usawazishaji wa usiku unaweza kuiona ipo kule na haipo huku, ukairudisha kama rekodi mpya isiyo na viambatisho wala uidhinishaji.

Kwanza fahamu upande upi ndio chanzo cha data ya aina hiyo. Kampuni na misimbo ya gharama kwa kawaida hutoka uhasibu, oda na mikataba huanzia kwenye mfumo wa ujenzi. Halafu mhasibu abatilishe au atoe ingizo la kugeuza (linalofuta athari ya ingizo la awali) kwa upande wake, muunganisho wa rekodi hiyo ukatwe, ndipo ubatilishe kwa upande wa ujenzi. Kama kipindi cha hesabu kimeshafungwa, ingizo la kugeuza linaingia kipindi kilicho wazi. Kipindi kilichofungwa kisifunguliwe kwa ajili ya usafi wa orodha.

## Michoro

Toleo la zamani la mchoro halifutwi, hata kama ni la makosa. Ukuta uliojengwa mwezi uliopita ulijengwa kwa toleo B, na toleo C likishatoka, B ndilo ushahidi kwamba fundi alifuata maelekezo yaliyokuwepo. Pakia C juu ya B kwa namba ileile ya karatasi, mfumo uweke alama kwamba B limepitwa. ISO 19650-1 ya mwaka 2018, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, inatenga hali nne za taarifa: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na kumbukumbu. Hii ya mwisho ipo ili njia yote iliyopitiwa ibaki ikionekana.

Kufuta karatasi nzima ya mchoro ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa kuwa alama za kasoro, vipimo na maoni vimebandikwa juu yake. Karatasi ikiondoka, alama hubaki bila mahali pa kukaa.

Kuna kosa dogo linalojirudia sana: mfumo unaposoma namba za karatasi kutoka kwenye picha, hukosea herufi O na sifuri, ikazaliwa A-1O1 pembeni ya A-101. Watu hufuta hiyo ngeni na kupakia tena. Haihitajiki. Sahihisha namba, na mifumo mingi italiweka toleo hilo kwenye mfululizo wake.

## Kusitisha, kuunganisha, na kumbukumbu

Mtu aliyeondoka kazini husitishwa. Jina lake lazima libaki kwenye ukaguzi aliousaini. Kabla ya kumsitisha, chuja kazi zilizo mikononi mwake na uzigawe upya, pamoja na nafasi yake kwenye ngazi za uidhinishaji. Ngazi yenye mtu aliyesitishwa husimama kimya, na mawasilisho ya vifaa yanaweza kukaa hapo hadi mtu auulizie mzigo saiti. Msimbo wa gharama usiotumika tena nao husitishwa, maana fedha za zamani zimeandikwa ndani yake.

Kuunganisha kunahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu hakurudi nyuma. Kampuni moja ikiwa imeandikwa mara mbili, chagua ibaki ile iliyounganishwa na uhasibu, hata kama nyingine ina anwani nzuri zaidi. Linganisha namba ya mlipa kodi na akaunti ya benki kabla ya kubofya. Zikitofautiana, huenda si kampuni moja: zinaweza kuwa kampuni dada, na kuzichanganya ni kumlipa asiyehusika.

Kuweka kwenye kumbukumbu hakuna mengi ya kueleza. Ni kwa mradi uliokamilika, au folda ambayo haitumiki. Kumbuka tu kuzima ripoti na barua za ukumbusho zilizopangwa kujituma zenyewe.

## Kufuta rekodi nyingi kwa mkupuo

Mara nyingine kufuta ni halali na ni nyingi: jedwali limeingizwa mara mbili, au mradi wa mafunzo una rekodi 600 za kubuni. Hatari kubwa hapa ni kisanduku cha “chagua zote”. Kwenye mifumo mingine kinachagua zilizo kwenye ukurasa unaouona, tuseme 50. Kwenye mingine kinachagua zote zinazolingana na kichujio, zikiwemo ambazo hujaziona. Na ipo inayokumbuka ulizochagua kwenye ukurasa uliopita hata baada ya kubadilisha kichujio.

Fanya hivi:

1. Waombe walio saiti wasawazishe vishikwambi vyao kwanza. Kishikwambi kilichokuwa nje ya mtandao kikiwa na rekodi iliyohaririwa kinaweza kuirudisha baada ya wewe kuifuta, au kikapoteza kazi ya siku nzima ya aliyekishika.
2. Chuja kwa tarehe ya kuundwa na jina la aliyeziingiza. Usichuje kwa jina la rekodi. Rekodi zilizoingizwa kwa mkupuo mmoja huwa na muda unaokaribiana sana, na hiyo ndiyo alama yake ya kweli.
3. Andika idadi inayoonyeshwa na kichujio. Pakua orodha pamoja na viambatisho. Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) peke yake halibebi picha.
4. Ukilikagua faili hilo kwa Excel, usilifungue kwa kubofya mara mbili. Msimbo 0310 utageuka 310, na 03-10 unaweza kugeuka tarehe. Liingize kupitia menyu ya data na uitangaze safuwima ya misimbo kuwa maandishi, la sivyo siku ya kurejesha utaingiza misimbo isiyokuwepo.
5. Futa moja. Nenda kwenye tupio uone kama imefika, irejeshe, ikague, uifute tena.
6. Chagua zilizobaki. Idadi kwenye kidirisha cha uthibitisho lazima ilingane na uliyoandika, ukitoa moja. Isipolingana hata kwa rekodi moja, ghairi.
7. Linganisha jumla za ripoti ya gharama kabla na baada.

Usimwage tupio siku hiyo. Liache lifike muda wake lenyewe.

## Mahali pawili kanuni inapogeuka

Pa kwanza ni data binafsi. Nakala ya kitambulisho cha kibarua au picha ya majeruhi iliyopakiwa kwenye shajara inayosomwa na kampuni kumi inapaswa kuondolewa kabisa, ingawa imeshawafikia watu wa nje. Tupio halitoshi hapa, na kubatilisha kunaiacha ikisomeka. Futa faili, liondoe na kwenye tupio, angalia kama picha ndogo ya utangulizi imebaki, na uwaandikie waliopokea barua pepe yenye kiambatisho hicho. Ripoti ya ajali yenyewe ibaki. Kifungu cha 17 cha GDPR, sheria ya data ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 2018, kinampa mtu haki ya kutaka data zake zifutwe, lakini kinaacha nje data inayohitajika kwa madai ya kisheria.

Pa pili ni mgogoro. Dai likinukia tu, hata rasimu za ndani zisiguswe, na usafishaji wa tupio unaojiendesha usimamishwe. Kwenye masharti ya mkataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999, kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi atoe taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio husika, na kinamtaka atunze kumbukumbu za wakati huo. Shajara ya saiti ya siku ya mvua, iliyofutwa kwa sababu ilionekana kurudia ya jana, inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa ikithibitisha tarehe.

## Ukiwa bado unachagua mfumo

Maelezo ya muuzaji yatasema mfumo una tupio. Usiishie hapo. Omba mradi wa majaribio na utenge nusu saa. Tengeneza ombi la ufafanuzi lenye picha mbili, maoni matatu na kiungo cha kwenda agizo la mabadiliko. Lifikishe hatua ya pili ya uidhinishaji. Lifute ukiwa na akaunti ya mtumiaji wa kawaida. Kama imewezekana, uliza jinsi ya kuizuia ruhusa hiyo bila kuzuia ruhusa ya kuunda, kwa sababu mifumo mingine huziweka mbili hizo pamoja, na huo ni upungufu tunaouona mkubwa kuliko kukosa tupio.

Lirejeshe ukiwa msimamizi, uhesabu: picha mbili, maoni matatu, kiungo, hatua ya pili. Fungua historia ya mabadiliko uone kama kufuta na kurejesha vyote vimeandikwa kwa jina na saa. Futa tena, mwage tupio, halafu tazama kama historia bado inaonyesha kwamba rekodi hiyo iliwahi kuwepo.

Mwisho muulize muuzaji kuhusu nakala rudufu, kwa maneno haya: mnaweza kurejesha rekodi moja ya mteja mmoja, au ni hifadhidata nzima tu? Kwenye huduma ambayo wateja wengi wanatumia hifadhidata moja, kurejesha nzima kunawarudisha wote nyuma, kwa hiyo hakuna atakayekufanyia hivyo kwa ajili ya hati moja. Jibu linaloridhisha ni kwamba nakala hufunguliwa pembeni na rekodi husika hunakiliwa kutoka humo. Akikubali, taka liandikwe kwenye mkataba, pamoja na saa za kusubiri na gharama yake.